Adabu ya Kiwiko

Ilianza kwenye chupa ya chai.
Asubuhi ya Juni, Tukuyu imejifunika ukungu hadi masikioni,
nikainua chupa nimimine, mkono ukakataa.
Si maumivu ya kidonda. Ni mchomo
upande wa nje wa kiwiko, mahali padogo,
pa kufunikwa na sarafu ya shilingi mia,
kama fundi kasahau sindano ndani ya pindo.

Najua nilikoutoa.
Nyuma ya gereji ya Anyitike kuna vyuma:
gia za Scania zilizochomelewa kwenye bomba,
ndoo za rangi zilizojazwa zege,
na nondo ya kujivuta kati ya mikaratusi miwili.
Nina miaka arobaini na sita, karani wa ghala la chai.
Gwakisa wa bodaboda alijivuta mara kumi na mbili,
akashuka akimalizia muwa wake.
Mimi nikajivuta kumi na tatu.

Hiyo ya kumi na tatu naidaiwa bado.

Vitu vidogo vimekuwa vizito:
ufunguo mlangoni, kifuniko cha dumu,
kumenya ndizi, kukamua dekio.
Gunia nabeba, kijiko kinanishinda.
Mke wangu kanichua kwa mafuta ya parachichi,
jirani kaleta majani asiyoyajua jina,
na Anyitike, ambaye hajawahi kuumwa hata jino,
kasema niongeze uzito, chuma hutoa chuma.
Nikaongeza.
Usiku ule nililala na mkono juu ya mto wake peke yake,
kama mgeni.

Wiki ya tatu tukamzika Mwaisumo, kule Katumba.
Mstari wa kupeana pole ulitoka uani ukaingia migombani,
na kila kiganja kilikuja na mtikiso wake.
Nilipotoa mkono wa kulia, wa kushoto uliwahi kiwiko,
ukakidaka chini, kama kikombe chenye ufa.
Watu wakaona heshima.
Kwetu ndivyo unavyomsalimu aliyekuzidi.
Shangazi Syabumi, aliyeninunia miaka tisa
tangu siku niliyomjibu mbele ya wajomba,
akatazama kiwiko, akatazama uso.
"Sasa umekua," akasema,
akautikisa tena, kwa furaha.
Machozi yakanitoka.
Wakanong'ona: alimpenda sana marehemu.

Hospitalini, binti wa mazoezi ya viungo, kalamu nyweleni,
alibonyeza pale pale pa sarafu. Nikaruka.
"Msuli una pupa," akasema, "damu yake nyingi, hukua upesi.
Kano damu yake ni haba, habari huifikia kwa kuchelewa.
Wewe uliipa kazi ya mwezi kwa jioni moja."
Nilingoja aniambie nipumzike.
Akaniuliza kama nina nyundo.

Basi kila jioni, mkono juu ya meza,
kiganja kikitazama chini, nyundo imening'inia:
wa kushoto unapandisha, wa kulia unashusha,
moja, mbili, tatu, nne, tano.
Ikiuma kidogo, endelea.
Ikiuma hadi kesho yake, umezidisha.
Nilizidisha mara mbili. Sikumwambia.
Mwanangu Tusekile hukaa kando akihesabu,
na huruka namba nne akitaka tule.

Maisha yangu yote nimesifiwa kwa kupandisha.
Kushusha sikuwahi kufundishwa na mtu.

Mwezi wa tisa ukungu ulikuwa umepungua,
chai ikamiminika bila neno.
Nikapita gereji. Nondo niliiangalia tu.
Gwakisa alikuwa amepiga magoti, anafunga mnyororo,
akafuta oili kwenye suruali, akanipa mkono.
Nikaupokea, na wa kushoto
ukaenda kwenye kiwiko wenyewe, kwa mazoea.
Hapakuuma kitu.
Kijana akashtuka, akaangalia nyuma yake
kama kuna mkubwa mwingine amesimama pale,
kisha, polepole, akashika chake.