Laki na Themanini

Kilichoniamsha si kelele, ni kimya.
Miaka kumi na tisa imenguruma kando ya kitanda changu,
ikikohoa, ikitetemeka, ikinyamaza ghafla
kama mtu aliyekumbuka deni,
kisha inaanza tena; nami nimezoea kulala
ndani ya ngurumo hiyo kama wengine walalavyo ndani ya mvua.

Nilidhani ni umeme. Hapa Walukuba
bwawa liko hapo tu, nyaya zapita juu ya mabati yetu
zikiwapelekea mwanga watu tusiowajua,
na taa hukatika katikati ya sala.
Nikabonyeza swichi. Balbu ikawaka, ikanikodolea.
Mita ya Yaka ilikuwa na yuniti sita.
Basi ni yeye.

Asubuhi Wandera akaja na baiskeli na bisibisi tatu,
akaigeuza friji uso ukutani, akaweka sikio mgongoni,
akagonga kwa kifundo cha kidole.
"Kompresa imechoka, mama. Na gesi imetoroka.
Laki na themanini, nikurudishie baridi."
"Kwa muda gani?"
Akacheka chinichini. "Hilo muulize anayeuza mpya.
Yeye ana karatasi ya dhamana. Mimi nina kalamu tu."

Kweli. Mgongo mzima mafundi wameuandika,
wino juu ya wino: Okumu, gesi, Machi 2011.
Isabirye, thamostati.
Mmoja asiyejua kuandika
amechora feni yenye mapanga manne.
Na juu kabisa, kwa mwandiko wa marehemu Mugoya,
tarehe tuliyoileta kwa trekta la miwa,
na neno moja: Yetu.

Kagoya, binti yangu, apiga simu kutoka Mbarara.
"Mama, unatibu maiti. Hebu jumlisha.
Raba ya mlango mwaka juzi. Umeme inaokunywa.
Juisi ya pasheni iliyochacha, ndoo nzima,
na wateja waliohamia kwa jirani.
Milioni na laki mbili, unalipa kidogo kidogo,
na mpya haipigi hata kelele."
Nimejumlisha. Hesabu iko upande wake.
Hakuna tarakimu hata moja iliyosimama upande wangu.

Halafu kuna lile kopo kwenye rafu ya mayai:
chupa mbili za insulini ya Tenywa, mtoto wa jirani.
Mama yake, Namukose, hana friji, ana mimi.
Usiku ule nilizitia katika chungu kidogo
ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati,
nikaunyunyizia maji, nikakesha kama askari wa benki.
Alfajiri nikapenyeza mkono:
ubaridi mwepesi,
shavu la mtoto aliyetoka kuoga.

Nilikasirika, sijui kwa nini.
Laki kumi na mbili huku, laki na themanini kule,
na udongo wa bibi yangu haujaomba hata senti.
Lakini udongo haugandishi juisi,
na juisi ndiyo iliyomsomesha huyo anayenipigia hesabu.

Nikamwambia Wandera: laki na nusu.
Akasema laki na sitini.
Tukakubaliana kwa kunyamaza,
kama watu waliooana zamani.
Akaing'oa kompresa, nyeusi, nzito, ikidondosha mafuta sakafuni,
akaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi,
akaondoka akiisukuma polepole,
mkono mmoja umeishika isianguke.

Kagoya sijamwambia. Nitamwambia kesho, au ikifa tena.
Pesa zilizobaki zimo ndani ya soksi,
nayo soksi haina dhamana.

Jioni Tenywa akaja kuchomwa sindano yake.
Akaitazama friji iliyoachama mlango,
akachungulia chunguni, akagusa mchanga.
"Senge, na hii ikiharibika tunamwita nani?"
"Hiyo inataka maji tu," nikasema.
Akachukua kikombe, akaenda kuchota.