Vidole Vinne vya Chini

Saa kumi na moja alfajiri, njia ya Kibosho, umande haujakauka,
nafunua mfuniko wa tangi namba mbili
nashusha ufito wa shaba mpaka ugonge chini.
Ngo.
Nauvuta, nausoma haraka kwa tochi ya simu:
sentimita sabini na nne.
Naandika daftarini, nasaini. Aikaruwa.

Jana Ndelilio wa bodaboda
aliweka ya elfu tano, akauliza,
"Dada, eti ya dunia nzima imebaki ya miaka mingapi?"
Redioni kasikia hamsini.
Mwalimu Lyatuu, nyuma yake kwenye foleni, akasema
hata yeye akiwa kidato cha pili ilikuwa hamsini,
hamsini ile ile, mtoto asiyekua.
Tukacheka. Nikarudisha chenji.
Swali likabaki kwangu.

Maana mimi ndiye mpimaji.
Najua tangi haliishi kwa kukauka.
Chini kabisa hubaki vidole vinne
pampu isivyovifikia,
vimelala na maji, na kutu, na mchanga sijui wa wapi.
Mafuta yapo. Hayavutiki.
Ndipo tunatundika kibao, HAKUNA,
juu ya kitu kilichopo.

Bibi kule Uru hakuwa na ufito.
Alitikisa chupa ya mafuta ya taa sikioni:
"Ya leo, na ya kesho kwa kubana."
Alikosea mara moja tu, usiku wa kuzaliwa kwangu.
Koroboi ikapiga chafya, ikafa,
mama katikati ya uchungu.
Wakaamsha dereva wa parokia,
akapenyeza Landrova mgombani, taa zikielekea mlangoni,
injini ikinguruma mpaka jogoo wa pili.
Kwa hiyo sina mdomo wa kuyasema vibaya.
Dizeli ilinipokea kabla ya mkunga.

Na Desemba, wanapopanda wote kutoka Dar
kwenda kuchinja, kusalimia makaburi ya kwao,
foleni hufika kwenye kalvati.
Nikipaza sauti kwamba yamebaki ya nusu saa
hakuna anayegeuza.
Wanasogea. Bampa kwa bampa,
aliyetaka lita kumi sasa anataka tangi zima
na madumu mawili.

Leo Ndelilio karudi.
"Imepanda?"
"Imepanda."
"Basi weka ya elfu mbili."
Sikumwambia vidole vinne, sikumwambia hamsini.
Nilipangusa mkonga.
Akafunga kifuniko, akaisukuma barabarani,
akazima hata ile taa,
akaiachia pikipiki mteremko wote wa kuelekea mjini
bila injini,
nikisikia mnyororo tu, tiki tiki tiki,
na mahali fulani karibu na kona
breki.