Mvua ya Isevya

Imekuja kwa basi la Dar, ndani ya boksi la sabuni,
imeviringishwa kwenye fulana inayonuka sigara.
Kondakta alinidai elfu mbili ya mzigo,
akauliza kama ni kile kipimo cha sukari.
Ni pedali, nikamwambia.
Ya baiskeli?
Ya sauti.
Akacheka mpaka akanirudishia mia tano.

Kisanduku cha bluu, kizito kama tofali bichi,
vifundo vitatu, maandishi yamefutwa
na viatu vya mtu nisiyemjua.
Nikabandika plasta ya kidonda chini ya kila kifundo,
nikaandika kwa kalamu: KUKAWIA. KURUDI.
Cha tatu sikuijua kazi yake. Nikakiita UKAIDI.

Adapta ni ya redio ya marehemu babu,
chanya ndani, hasi nje; pedali inataka kinyume.
Nikakata waya, nikamenya ncha kwa meno, nikageuza,
nikachomeka huku nimefumba jicho moja
kana kwamba mlipuko utalionea haya jingine.
Taa nyekundu. Haya.

Kwanza nilitaka sauti ya asali.
Mama alikuwa anajaza chupa, asali ya miombo, nyeusi,
nikashusha kipaza sauti hadi mdomoni mwa faneli.
Asali haisemi. Inashuka kama mtu
anayeingia msikitini amechelewa.
Kilichosikika ni kijiko ukingoni mwa chupa:
ti.

Nikaibeba hiyo ti moja hadi chumbani.
Kukawia kidogo: zikawa mbili, pacha wasiopendana.
Kurudi nusu: kuku wanadonoa bati.
Kisha Ukaidi, polepole, kwa ncha ya kidole,
na kila ti ikakataa kufa,
ikazaa ti iliyolowa, yenye ukungu pembeni,
mpaka hesabu ikanishinda,
mpaka paa likajaa maji yasiyo na wingu,
mwezi wa kumi, Tabora, vumbi hadi kwenye kope.

Mlango wa uani. Kandambili.
"Kalunde! Michembe!"
Mama kakimbia na ungo, anapapasa vipande gizani,
anamwita Mwanne aanue nguo zake,
Mwanne naye anamwita wa upande wa pili,
uchochoro mzima unaanua
shuka, dagaa, daftari la mtoto lililomwagikiwa chai,
na juu yao nyota, kavu, zimerundikana
kama chumvi ya Uvinza.

Nikazima. Mvua ikaendelea kidogo;
ndiyo tabia ya Ukaidi, huondoka mwisho.
Halafu kimya, na kule stesheni
kichwa cha treni kikagonga behewa
mara moja tu, bila mwangwi.
Nikakionea huruma.

Mama akasimama mlangoni, ungo kiunoni,
akatazama waya, plasta, ile taa iliyolala.
Nikangoja matusi; nilistahili.
Akaketi ukingoni mwa kitanda,
akachomoa kijiko kwenye mkunjo wa kanga.
"Washa."
Akakigonga kwenye pete yake. Ti.
Akaisikiliza ikienda, ikirudi, ikienda,
shingo imeinama kama anayepima uzito wa mtoto wa jirani.

"Ongeza," akasema.
"Hii bado haijafika Sikonge.
Shamba la kaka yangu liko Sikonge."