Vichuguu

Kijiti chenyewe ni risasi ya penseli,
shilingi kumi na tano, kioski cha Chiromo.
Nikakivika koti: makaa ya maganda ya makadamia
yaliyosagwa hadi yakasahau kuwa makaa,
na fedha (si ya mfukoni, hiyo sina),
fedha ya madini, chembe ambazo unywele mmoja wa Nyaboke
ungezibeba elfu nne, bega kwa bega.

Kisha nikakitia katika maji ya Mto Ngong
niliyoyateka Jumanne nyuma ya Mukuru,
nimevaa buti za mvua, watoto wakiniuliza
kama nimeangusha simu.

Meusi, ndiyo. Yananuka, ndiyo.
Hayo hata pua ya mtoto inayajua.
Mimi nilitaka lile lisilonuka.
Nikawasha umeme mdogo,
usioweza kumshtua sisimizi,
na kwenye kioo mstari ukatambaa, ukatambaa,
ukainua kichuguu: panadoli.
Ukashuka, ukapumua. Ukainua kingine, kirefu:
septrini.

Tuliruka, mimi na Nyaboke, tukamwaga chai.

Wiki kumi na moja kichuguu kilisimama,
nami nikaanza kukisoma kama barua isiyo yangu.
Yule ameze­aye bafuni, bomba limefunguliwa
ili mumewe asisikie karatasi ya vidonge ikipasuka:
mto ulisikia.
Kinachomezwa hakikai chote tumboni;
hutoka alfajiri, hushuka mtaroni,
na huko vijidudu huizoea dawa
kama sisi tulivyozoea ahadi.

"Kazi yetu," alisema profesa, "ni kuona kichuguu kikishuka."

Kikashuka.
Wiki ya kumi na mbili, nusu.
Ya kumi na tatu, tambarare kama meza.
Nikabadilisha kijiti. Nikapima maji
niliyoyatia dawa kwa mkono wangu: kikainuka, wima.
Chombo hakikuwa na kosa.

Jioni nikapita kwa Kavata kuchukua mandazi.
Karai lilikuwa baridi. Yeye ameketi mlangoni,
kitabu cha kliniki pajani.
"Dirishani wananiambia rudi Alhamisi.
Alhamisi ipi, hawasemi.
Septrini haijaja tangu mwezi uliopita."

Basi, mto umetakata.
Katika daftari, safu ya matokeo,
nimeandika sifuri nukta sifuri mbili.
Katika safu ya maoni, inayotaka neno moja tu,
nzuri, wastani, mbaya,
kalamu imesimama mpaka wino ukafanya doa.

Jumanne nitarudi na buti zangu.
Mungu anisamehe, na profesa pia:
nitakitumbukiza kijiti nikiomba
uchafu ule urudi.