Mirija Kumi na Minne

Majira yale ya baridi, umeme Tbilisi ulikuwa mgeni.
Ulikuja saa nane za usiku, ukakaa nusu saa,
ukaondoka bila kuaga.
Majirani waliamka kupika, wengine kupiga pasi.
Mama aliamka akavaa viatu vya marehemu baba
akateremka mbio gizani hadi maabara
kuangalia kama kiatamizi kimepata joto.

Hakikupata.

Basi akaiatamia mwenyewe:
mirija kumi na minne, vizibo vya pamba,
ndani ya soksi ya sufu, kifuani, chini ya sweta tatu.
Bakteria wa mwanadamu, alisema,
wanapenda nyuzi thelathini na saba,
na mtaani jiko pekee lililobaki
ni mtu.

Mjomba Vazha alivuta kiti chake mbali.
"Tsiala, unalala na usaha wa watu?"
"Nalala nao," akajibu, akivunja mkate mkavu.
"Nawe huenda unao puani tangu ulipobatizwa,
wapangaji wasiolipa kodi
na hujawahi kuwasikia wakikohoa."

Hawa wa kwenye soksi walitoka mguuni mwa Otar,
fundi wa piano, mguu wa kulia, ule wa pedali.
Sindano za aina tano zilipita juu ya kile kidonda
kama mvua juu ya bati.
Daktari alikwisha kuchora mstari wa kalamu chini ya goti.
"Wiki mbili," alimwambia mama. "Baada ya hapo, msumeno."

Tukaenda mtoni na ndoo yangu ya kuchezea,
pale bomba la hospitali linapoutapikia Mtkvari.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliziba pua.
"Mbona hapa, penye uchafu wote?"
"Penye kondoo wengi," alisema,
"mbwa mwitu hayuko mbali."

Aliyachuja yale maji kwa chujio la kaure
lililozuia kila bakteria
na kupitisha wale wadogo zaidi, wasioonekana hata kwa hadubini yake,
virusi ambao chakula chao ni bakteria, basi.
Tone moja juu ya utando katika sahani ya kioo.
Sahani akailalia.

Jumanne: hakuna.
Ijumaa: hakuna.
Aliandika "hakuna" daftarini kwa mwandiko mzuri uleule,
akapiga mstari chini yake.
"Nalo ni jibu," akasema, lakini hakula.

Siku ya kumi na moja akaniamsha, mshumaa mkononi.
Utando ulikuwa umetoboka,
vitundu vya mwanga, vidogo, vya mviringo,
kama shali iliyoliwa na nondo.
Alinishika shingo kwa vidole vya barafu
akacheka mpaka Vazha akagonga ukuta.

Sitaki kudanganya. Msichana wa kitanda cha dirishani,
Nestan, aliyenipa karata zake,
hatukumpatia mlaji. Ndoo ishirini za mto.
Daftari lina ukurasa wake: hakuna, hakuna, hakuna,
na mstari wa mwisho haukuandikwa.

Otar alikuja mwezi Machi kwa miguu yake miwili,
begi la zana begani, kutulipa:
angeirekebisha piano yetu bure, maisha yake yote.
Mama alitazama sakafu.
Piano tuliichoma Januari.
Zilibaki nyaya tu, zimezungushwa msumarini.
Otar alikaa kimya, kisha akagonga kwa kucha
ukingo wa sahani mojawapo ya kioo,
akainamisha sikio.
"Hii," alisema, "imeshuka kidogo."

Leo kiatamizi changu kina taa ya kijani na hakizimiki.
Mashine inanisomea jeni za bakteria kabla chai haijapoa.
Nikifungua jokofu, rafu ya chini, kuna chupa
yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Otar, mguu wa kulia.
Bado wana njaa. Nimewajaribu.

Na kila jioni, kabla ya kufunga mlango,
nasoma thelathini na saba kwenye kioo,
kisha mkono wenyewe
unapapasa kifua.