Mashoto

Tulilikuta stoo, nyuma ya magunia matupu ya karafuu,
kuku kalifanya kiota.
Ngozi imeliwa na panya hadi ukingoni,
vigingi saba vimebaki vitatu,
na kimoja ni mpini wa mswaki.
Shingo na tumbo gogo moja, halina kiungo:
mtu alikaa chini akauchimba mfenesi
kama achongaye upawa wa shughuli.

Mama akachungulia.
"Gambusi la babu yenu Shehe Kombo hilo.
Msinifumbulie domo lake humu ndani."
Akarudi kwenye ungo wake wa mchele.

Udi tunaujua. Udi una kifua kipana,
unajua kusema na watu mia.
Hili lilikuwa la watu sita na birika.

Ngozi nilipewa na Kazija wa buchani, ya mbuzi jike,
kwa sharti nisimwambie mumewe ni ya nini.
Nikailoweka, nikaikwangua, nikaiwamba,
nikavuta mishipi ya kuvulia palipokuwa na utumbo.
Miezi minne nikalitega sikio.
Likanijibu kama aliyeamshwa na homa mwilini.
Nyuzi zikaruka mifuoni, kila pigo likachechemea.
Haroub wa kanuni, kwa adabu zake, akasema:
"Labda lilikufa kwa haki."

Ndipo Mize, binti wa dada yangu, miaka kumi na mmoja,
aliyekuwa akipigwa vidole kwa kijiko cha mti
kila aliponyanyua tonge kwa mkono ule,
akaingia, akalipakata kinyume.

"Siyo hivyo," nikamwambia.
"Lakini limelika huku."

Nikawasha tochi ya simu.
Kweli. Shingoni, upande nisioutazama,
dole gumba la mtu limekaa miaka
hadi mti ukafanya kishimo, laini kama kisogo cha mtoto.
Na kichwani, mfuo mpana, wa uzi mnene,
uko kule nilikokuwa nafunga uzi mwembamba.

Babu alikuwa mashoto.
Sinia kwa kulia, salamu kwa kulia,
tasbihi kwa kulia, hesabu za karafuu kwa kulia.
Usiku, watu sita, birika,
mkono wa pili ukapewa zamu.

Mama tulipomwambia hakujibu.
Kile kijiko cha mti hatukukiona tena jikoni.
Hatukuuliza.

Utaani, Wete, sebuleni kwetu, mwezi wa masika:
viti kumi na vinne vya kuazima skuli,
waliokosa viti wakakaa kwenye mkeka.
Mize na gambusi, Haroub na kanuni,
Nasra na dumbaki, mimi na fidla yangu
niliyoifunga leso chini ya nyuzi isije ikajitapa.
Hapakuwa na mwimbaji. Jirani mmoja akauliza,
"Sasa maneno yako wapi?" akanyamazishwa.

Pigo la pili, mvua ikateremka juu ya mabati.
Ngozi ikanywa unyevu, ikalegea,
sauti ikazama kama jiwe kwenye uji.
Mize akaacha kupiga. Hakunitazama.
Akanyanyuka, akapita katikati ya magoti ya wageni
hadi jikoni kwenye seredani ya kahawa,
akaligeuzageuza juu ya makaa
kama mtu anayeota miguu ya mgonjwa wake.

Sisi watatu tukangoja, mikono mapajani.
Hakuna aliyekohoa.
Kutoka jikoni: uzi mmoja, chini.
Kimya. Tena uzi ule, juu kidogo.
Tena.
Haroub akatabasamu akiwa amefumba macho.

Akarudi, akaketi, akaanza peke yake
kwa mkono wake.
Sauti ndogo, kavu, ya karibu,
kama mtu anayekusemesha huku anamenya njugu.
Tukamwingilia polepole tusimfunike.

Mama alikuwa mlangoni na birika na trei.
Nyumba ilikuwa na watu zaidi ya ishirini.
Akamimina vikombe sita, akasita,
kisha akaenda kuvifuata vingine.