Bahasha ya Pili

Mimi ni dalali wa mahakama, Champagnole, milima ya Jura.
Siku za kazi nabisha hodi kwa watu wasionitaka.
Jumamosi moja kwa mwaka
nakodishwa kuhesabu uzuri.

Ukumbi ni ule wa mpira wa mikono.
Magoli wameyafunika kwa pazia la buluu,
ila harufu ya jasho la vijana haifunikiki,
na juu ya jukwaa ubao wa mabao umesahauliwa ukiwaka:
wenyeji sifuri, wageni sifuri.

Saa nane mchana niliwapima, wote kumi na wawili,
migongo ukutani, visigino vitupu.
Kanuni yataka mita moja na sentimita sabini.
Ondine Vuillermoz alifika sabini kamili,
kisha akashusha pumzi,
na kwa pumzi ile nikamwona akipungua,
nusu sentimita, labda.
Nikaandika sabini.

Tulijuana. Mwezi Machi nilipanda hadi kwao,
theluji ingali juu ya paa la zizi,
na barua ya benki mkononi: mashine ya kukamulia,
malipo ya miezi saba.
Yeye ndiye aliyefungua, mabuti ya mpira hadi magotini,
tone la maziwa shavuni.
Akatia sahihi kwa niaba ya baba. Akasema,
"Ahsante, mama. Angalia ngazi, kuna barafu."
Miaka ishirini na sita ya kazi hii
nimetukanwa, nimefunguliwa mbwa;
ngazi, hakuna aliyewahi kunionya.

Uzuri wa mkakasi, husemwa, ndani kipande cha mti.
Mimi sikulipwa kutazama ndani.
Nililipwa kukaa stoo, katikati ya mikeka ya sarakasi,
na kapu la kura, na Thibaud, mwanafunzi wa uhasibu,
anayetafuna soseji huku akijumlisha.

Nje, mshereheshaji wa redio ya mkoa anavuta muda.
Sauti ya Ondine inapenya ukuta:
akienda Disemba kwenye fainali ya taifa, anasema,
atamkosa Pervenche akizaa,
na Pervenche huzaa vibaya.
Watu wanacheka. Wanadhani ni mzaha.

Kura mia tatu na kumi na nne za wawili waliobaki.
Capucine Mairot wa Dole amemzidi kwa nne.
Nikahesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu,
nikilowesha kidole kama mtu aliyepoteza noti sokoni.
Nne.
Mali bila daftari huisha bila habari;
hii ilikuwa na daftari, ikaisha vilevile.

Thibaud alikwenda kunawa mikono.
Kalamu ilikuwa kwangu, na karatasi, na mlango umefungwa.
Nusu sentimita nilishaitoa.
Kura nne ni deni jingine.
Nikaandika Capucine. Nikalamba gundi.

Walisimama wameshikana mikono chini ya taa,
vidole vyeupe kwa kubanana.
Nikapanda na bahasha, viatu vyangu vilevile vya Machi.
Ondine hakuitazama bahasha.
Alinitazama mimi,
na uso huu alikwisha kuusoma mlangoni kwao.

Picha ilitoka gazetini Jumatatu.
Waamuzi, meya, malkia wa mwaka jana na taji lake mkononi,
wote macho kwenye karatasi ambayo bado haijafunguka.
Mmoja tu amegeuka,
anamtabasamia mwenzake
ambaye bado hajui.

Usiku ule, kwenye maegesho, baba yake
alikuwa akilaza gauni nyuma ya gari, juu ya madumu ya maziwa,
taratibu, kana kwamba gauni lina usingizi.
Ondine akatoka kwa mlango wa nyuma, utepe wa mshindi wa pili
umekunjwa mfukoni, ncha nje.
Nilikuwa na maneno mengi ya kisheria.
"Angalia ngazi," nikamwambia.

Ilikuwa Septemba. Ngazi zilikuwa kavu.
Akazishuka akiziangalia, moja moja.